Gari Lililokalia Nyumba ya Mama

Asubuhi nyingi za mwaka ule niliamshwa na sauti ya gari likijiinua. Baba alikuwa akiingia ndani yake kabla jua halijatoka, anazungusha ufunguo, na huko chini mtambo mdogo wa upepo unaanza kuvuma. Kisha gari zima linapanda taratibu, nyuma kwanza halafu mbele, kama ng'ombe anavyoinuka zizini. Upande wa pili wa ua, ndani ya jiko letu la mabanzi, Mama alikuwa akipuliza kuni mbichi na kukohoa. Kikohozi chake kilianza kidogo, kikapanda, kikambana mbavu mpaka akaegemea mlango. Baba hakukisikia. Alikuwa ameinamia boneti akisikiliza kama gari limeamka salama. Watu wengi wakisimulia utoto wao hutabasamu, na wakifika kwenye habari za baba zao hulegeza sauti. Mimi sitalegeza. Ni mtu mzima sasa, nina watoto wangu, nimesikia mahubiri mengi ya kusamehe, na bado nikizikumbuka sauti zile mbili kwa pamoja damu inanichemka.

Kwetu ni Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, mahali ambapo mtoto akiangusha mpira anaufuata mpaka kwa jirani wa chini. Migomba na kahawa ndiyo inayoushika udongo usiondoke na mvua, na kila nyumba imechimbiwa ubavuni mwa kilima. Ardhi tambarare hatuna. Ukiitaka, unaitengeneza kwa jembe. Mama alikuwa ameitengeneza ya kwake. Nyuma ya nyumba yetu ya zamani, ambayo paa lake lilikuwa limeoza kwa kutu, alikata kilima kwa mkono wake mwenyewe, akisaidiwa na wanawake wenzake wa kwaya siku walizopishana zamu, mpaka pakapatikana kiwanja cha kutosha nyumba ya vyumba vinne na jiko la ndani lenye bomba la kutolea moshi. Jiko hilo ndilo alilolitaka kuliko chochote. Daktari alikuwa amemwambia kifua chake kinataka hewa, si dawa. Baba alikubali. Alikuwa dereva wa watalii, akirudi kutoka mbugani na bahashishi mfukoni, na siku ya kuchimba msingi alisimama mbele ya mchungaji na ndugu wote akasema, "Mavuno ya kahawa yanayofuata, Mama Penda atapikia ndani ya nyumba hii." Penda ni mimi. Nilikuwa darasa la tano, nikayashika maneno hayo kama yalivyotoka.

Vifaa vilikuja kidogo kidogo, kama watu wote wa kwetu wanavyojenga. Mabati mapya yalilala chini ya kitanda changu yakinukia mafuta ya kiwandani, na usiku nikijigeuza niliyagusa kwa vidole. Mbao zilipasuliwa kutoka kwenye migrevilea aliyoipanda babu, zikapangwa chini ya mgomba na kufunikwa majani zikauke. Tofali Mama alizinunua mwenyewe kwa ndizi. Alizishusha Tengeru kila siku ya soko, mikungu mgongoni na mingine kichwani, na jioni aliporudi alikuwa na tofali kadhaa ndani ya toroli la jirani, si nyingi, lakini wiki haikupita bila tofali. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilikuwa kinakaribia kujaa. Kulikuwa na mtoto mchanga pia, mdogo wangu Elibariki, ambaye Mama alimbeba mgongoni wakati wote huo, hata ndani ya ule moshi.

Kisha Baba akaleta gari. Kuna bosi wa kampuni moja mjini aliyekuwa anahamia nchi nyingine, na gari lake la kifahari, la Kizungu, jeusi, lenye viti vya ngozi na mbao zinazong'aa mlangoni, lilikuwa limesimama uani kwake muda mrefu bila mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na lile gari lilikuwa limejitembeza kwa kila dereva wa Arusha kabla ya kumfikia baba yangu. Aliuziwa kwa bei ya chini kuliko vile vigari vidogo vya Kijapani ambavyo walimu wetu walivinunua kwa mkopo. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba Mungu amemkumbuka. Hakujiuliza kwa nini watu wenye fedha kuliko yeye wamelipita wakilitazama tu. Alifika nalo jioni, taa zikiwaka na jua halijazama, honi kutoka barabara kuu mpaka mlangoni, na watoto wote wa jirani tukalikimbilia. Sitasema uongo: lilikuwa zuri. Lilinukia ngozi na kitu fulani kitamu, na mlango wake ulijifunga kwa sauti ndogo, ya heshima. Kijiji kililipa jina siku ileile, Mheshimiwa.

Sasa, Mheshimiwa atalala wapi? Gari la namna ile haliachwi limeinama kwenye mteremko, na palipo tambarare palikuwa mahali pamoja tu. Kesho yake Baba aliwaita vijana wawili, wakafukia mitaro ya msingi kwa mawe na udongo, wakashindilia, na gari likapanda likakaa katikati ya kiwanja cha Mama, sawasawa mahali jiko lilipopangwa kuwa. "Ni kwa muda tu," Baba alisema. Mama alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Akauliza, "Muda gani, Baba Penda?" Baba akacheka, akampa ufunguo aushike aone ulivyo mzito. Mama aliushika, akamrudishia, akaenda kuchochea kuni.

Kwetu mtu akipata kitu kizuri hakiwi chake peke yake. Kahawa yako ni yako, ng'ombe wako ni wako, lakini kitu cha kuonekana ni cha ukoo, na kwenye harusi ndipo ukoo unapoonekana. Msemaji wetu alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mzee wa kanisa mwenye kofia ya kijivu na sauti ya kutoa matangazo. Alikuja Jumapili ya kwanza baada ya ibada, akalizunguka gari, mikono nyuma. "Mdogo wangu," akasema, "umetuinua. Kuanzia leo binti wa ukoo huu hatapelekwa kanisani kwa gari la kukodi." Baba alivimba kifua. Desemba ilikuwa inakaribia, watoto wa mlimani wanarudi nyumbani kutoka Dar na Mwanza, na kila Jumamosi ina harusi au kipaimara. Wote walitaka Mheshimiwa, na hakuna aliyelipa. Kulipana ndani ya ukoo ni aibu. Unaweka mafuta, basi. Nao waliweka mafuta ya kufika kanisani na kurudi, wakapiga makofi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kwanza liligoma kuinuka. Asubuhi moja mvumo ulianza kama kawaida, ukavuma, ukavuma, halafu ukakata, na gari likabaki limelala upande mmoja tairi zikiwa zimemezwa na bodi. Magari mengine yanakalia springi za chuma. Lile lilikalia mifuko ya upepo, na mifuko ya upepo ni mpira, na mpira uliozeeka hupasuka. Baba alilipeleka Sombetini, Arusha mjini, likiburuzwa na lori la mchanga. Shule zilikuwa zimefungwa, akanichukua nimshikie begi. Huko, katikati ya vichochoro vya nyumba zilizokuwa zinaota kila siku kama uyoga, palikuwa na gereji ya fundi aliyeitwa Kompyuta kwa sababu alikuwa na kile kimashine cha kuchomeka kwenye gari kikasoma ugonjwa. Kompyuta alikuwa mwembamba, mchangamfu, mwongo kiasi, na bei zake zilibadilika kufuatana na viatu vya mteja. Lakini siku ile alisema jambo la kweli ambalo Baba alikataa kulisikia.

"Mzee, gari hili umenunua bei ya gari kuukuu," akasema, "lakini spea zake zinauzwa bei ya gari jipya. Spea hazijui kwamba gari limezeeka."

"Wewe tengeneza tu," Baba akajibu.

"Kuna njia nyingine. Tunatoa hii mifuko yote, tunaweka springi za kawaida. Litakuwa gumu kidogo, ila halitalala tena."

"Yaani likae kama gari la kubebea mchicha? Weka mfuko mpya."

Mfuko mpya uliagizwa Nairobi. Jumatano iliyofuata nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta kitanda changu kimesogezwa, na sakafuni, pale yalipokuwa mabati, pamebaki mstatili wa udongo mkavu. Baba aliyauza kwa jirani aliyekuwa anaezeka. Mama aliniambia nirudishe kitanda mahali pake. Nikauliza, "Mama, na nyumba?" Akasema, "Mabati yanapatikana." Hakuinua sauti. Miaka mingi nilidhani kule kutopaza sauti kulikuwa uvumilivu. Sasa nina ndoa yangu najua kulikuwa ni kuchoka, na watu waliokuwa wanamsifu kwa uvumilivu wake walikuwa wanajirahisishia mambo.

Wiki mbili hazikupita, mfuko wa upande wa pili ukapasuka. Ulikuwa na umri sawa na mwenzake, ungengoja nini? Halafu likaja joto. Gari lile lilitengenezewa barabara pana za huko kwao, likimbie hewa ilipoze. Sisi tulilipandisha mlima kwa gia ya kwanza, bibi harusi na wapambe wamejaa ndani, kiyoyozi kinavuma, vumbi linaziba kila tundu. Mshale wa joto ulipanda, na Baba akafanya alichojifunza kwenye malori ya ujana wake: akasimama kwenye kijito, akachota maji, akamimina kwenye rejeta. Akarudia Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata. Rejeta ile ilitaka maji yake maalumu yasiyokula chuma, siyo maji ya mlimani kwetu. Maji haya yana madini. Yameyatia meno yetu rangi ya chai tangu utoto, kila mtu Arusha akicheka unamjua ametoka upande gani. Kompyuta alipoufungua mfuniko akakuta ukoko wa kahawia, alimtazama Baba mdomoni, akatingisha kichwa. "Mzee, maji haya yanaharibu meno ya watu wazima, sembuse aluminiamu?" Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua, na hedi yenyewe, kile kifuniko cha juu cha injini, imepinda. Mbao za babu zilipakiwa kwenye lori mchana wa Ijumaa, majani makavu yakiwa bado yameng'ang'ania juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Sisi tulikuwa tunaziba nyufa za gari kwa ukuta wa nyumba.

Na bado taa za onyo zilikuwa zinawaka. Kulikuwa na taa ya injini, taa ya breki, taa ya mfuko wa upepo, zote za njano, kwenye kile kioo kizuri mbele ya dereva. Unajua Baba alifanya nini? Alikata utepe mweusi wa umeme, akazifunika moja moja kwa uangalifu, akarudi nyuma akatazama kazi yake. "Zinawatia hofu abiria," akasema. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Hata mimi, mtoto wa darasa la tano, nilijua kwamba kufunika taa si kutibu ugonjwa, lakini mtoto wa kwetu hamwambii baba yake jambo la namna hiyo. Nadhani hasira yangu ilianzia pale hasa, kwenye ule utepe.

Mama alilipanda Mheshimiwa mara moja tu. Ilikuwa siku ya soko, mwezi wa kwanza, homa imempata, na mikungu imeiva haiwezi kungoja. Alimwomba Baba amshushe Tengeru. Baba alizunguka uani muda mrefu, kisha akatandika turubai ndani ya buti, juu yake mkeka, juu ya mkeka shuka kuukuu, akapanga mikungu kama anayelaza wagonjwa. Mama alikaa mbele. Mimi nilikuwa nyuma na Elibariki mapajani. Viti vile vilikuwa na joto lake, na Baba alipobonyeza kitufe joto likapanda mgongoni kwa Mama, akashtuka, akacheka. Alicheka kweli, akaegemea, akafumba macho mpaka barabara kuu, na hakukohoa hata kidogo. Baba akamtazama kwa pembe ya jicho, akatabasamu, na kwa muda ule mfupi niliona kwamba hakuwa mtu mbaya. Hilo halinipunguzii chochote. Angekuwa mbaya ningemaliza naye mapema.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule, binti wa Baba Mkubwa mwenyewe alikuwa anaolewa. Kuna desturi kwamba gari la harusi huoshwa na vijana wa ukoo kwa pamoja, kwa kelele na nyimbo, na siku hiyo walikuja wengi kwa sababu aliyewatuma alikuwa mkubwa. Walilimwagia maji kwa ndoo. Walifungua milango wakamwagia vizingiti, walifungua buti wakamwagia na humo, wakasugua kwa sabuni ya unga, wakamwaga tena lisafike. Baba Mkubwa alisimama juu akielekeza. "Hapo pia! Pananukia ndizi hapo, ongezeni maji!" Kisha wakafunga riboni nyeupe na za waridi, na bibi harusi akaingia. Walikuwa wamefika katikati ya kilima, chini kidogo ya kanisa, wakati kila kitu ndani ya gari kilipozimika kwa wakati mmoja. Injini ilikufa, vioo vikagoma kushuka, milango ikajifunga. Bibi harusi alibaki ndani akipiga kioo kwa mikono yenye glavu huku kwaya ikisimama njiani na tarumbeta zake haijui iendelee au inyamaze. Walipomtoa, mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Alipanda kwenda madhabahuni kwa miguu, gauni likiburuza tope jekundu.

Jumatatu kikao kiliketi kwetu. Walikuwa Baba Mkubwa na wazee wawili wa ukoo, wamekaa sebuleni, chini ya paa lililokuwa linavuja, wakinywa chai aliyoipika Mama ndani ya moshi. Aibu ile ilihitaji mwenyewe, na Baba Mkubwa alikuwa ameshamtafuta. Mwamba ngoma huvutia kwake.

"Gari limeharibiwa na ndizi," akasema. "Zile mbichi zinatoa utomvu. Utomvu umeingia kwenye waya. Gari la harusi halibebi ndizi, mdogo wangu. Mkeo ametuaibisha."

Baba alitazama kikombe chake. Mama alikuwa mlangoni, birika mkononi.

"Mimi nimelipanda mara moja, Baba Mkubwa," akasema. "Ninyi mmelipanda kila Jumamosi."

"Mama Penda, kikao hakijibiwi na birika."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia la chumba, nikamtazama baba yangu. Nilimngoja. Alikuwa ametandika turubai, mkeka na shuka kwa mikono yake mwenyewe. Alijua hakuna tone la utomvu lililopita. Alihitaji kusema sentensi moja tu. Badala yake aliweka kikombe chini akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa suluhisho, "Basi tofali si zipo." Wazee wakaguna kwa kuridhika. Ikawa imekwisha: aliyekosa atalipa kwa mali yake. Tofali zile ambazo Mama alizinunua mkungu kwa mkungu zilichukuliwa mbele ya macho yake na vijana walewale waliomwaga maji, na mmoja wao alimwomba maji ya kunywa. Akampa.

Nilikwenda na Baba Sombetini tena. Kompyuta aliinua zulia la buti, akainua tairi la akiba, na chini yake, ndani ya lile shimo, palikuwa na maji yaliyotuama. Betri ilikuwa imekaa ndani ya maji. Pembeni yake kile kisanduku kinachoongoza umeme wote wa gari kilikuwa kimezama nusu. Povu la sabuni lilikuwa bado linaelea, na kipande cha riboni ya waridi kimejikunja kwenye kona. Kompyuta alichovya kidole, akanusa.

"Hii ni sabuni ya unga, mzee. Gari hili akili zake ziko nyuma. Nani aliyewaambia muoshe buti kwa ndoo?"

"Hakuna utomvu?" nikauliza. Sauti ilitoka kabla sijaizuia.

"Utomvu wa nini, binti?"

Baba alisema, "Funga." Njia nzima ya kurudi nilingoja aseme kwamba atakwenda kwa Baba Mkubwa, au angalau atamwambia Mama. Tulipita Tengeru, tukaanza kupanda, hakusema. Nilimwambia Mama mimi, jikoni, nikilia kwa hasira na moshi kwa pamoja. Aliendelea kumenya ndizi za mtori. "Najua, Penda," akasema. "Nilikuwa natazama wakati wanaosha." Baba hakumwambia kaka yake ukweli mwezi ule, wala mwaka ule, wala kaburini pake. Mpaka leo ukoo wetu unajua kwamba Mheshimiwa aliuawa na ndizi za mama yangu.

Kisanduku cha mitumba kilipatikana, gari likawaka wiki chache, likabadilisha gia kwa kishindo, likasimama. Lilisukumwa likarudi mahali pake juu ya kiwanja, na masika yakaingia. Yalikuwa masika mazito. Paa letu, lililotakiwa kubomolewa, lilivuja kila mahali, tukatega masufuria mpaka yakaisha. Jioni moja Baba aliingia amelowa, akasema twende tukakae ndani ya gari, kule ni pakavu. Alikuwa na furaha kabisa, kama mtu ambaye hatimaye amepata faida ya ununuzi wake. Mimi nilisimama, nilikuwa naona baridi. Mama alimfunika Elibariki kwa khanga, akakaa palepale kwenye kigoda, matone yakimdondokea begani. "Nendeni," akasema. "Mimi siwezi kwenda kukaa mgeni kwenye jiko langu." Nilikaa. Baba alikwenda peke yake, na kupitia dirishani nilimwona ameegemea kiti cha ngozi, taa ndogo ya ndani inawaka, mvua inapiga vioo.

Mheshimiwa alikaa pale miaka. Kuku walitaga kwenye viti, panya wakala waya, na mwishowe akachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, vipande vipande. Mimi nilisoma, nikaajiriwa, nikapiga moyo konde, na kabla sijanunua hata baiskeli nilifukua ile mitaro ya msingi. Nimejenga vyumba vinne na jiko la gesi lenye dirisha kubwa linalotazama mlima. Mama anapika bila moshi. Kikohozi hakikuondoka, daktari anasema kifua kikishachakaa hakirudi, tofauti na gari hakina spea hata Nairobi. Baba naye yuko, amezeeka, anakaa barazani kwenye nyumba ambayo hakuiwekea tofali, na mgeni akija humwelekeza kwa fimbo: hapa hapa ndipo lilipokuwa linalala gari langu. Wageni husema, aisee mzee, ulikuwa mbele ya wakati. Hakuna anayeuliza lilikuwa limelalia nini. Na siku hizi magari ya namna ile ndiyo yamejaa. Miaka yake imepita huko yanakotoka, yanamwagwa kwetu kwa bei ya kutia mate mdomoni, na kijana wa Arusha akipata fedha ya kwanza analiona gari kabla hajaona kiwanja.

Krismasi iliyopita Elibariki, yule aliyekuwa mgongoni, alikuja kutoka Sombetini alikopanga chumba kimoja na mkewe na mtoto. Anaongoza watalii, amepata msimu mzuri. Alitoa simu akamwonyesha Baba picha, na niliona uso wa mzee ukifunguka kama wa mtoto. "Hilo sasa ni gari," Baba akasema. "La upepo hilo. Linajiinua." Wakasogeleana, vichwa pamoja, wanakuza picha kwa vidole. Mkewe Elibariki alikuwa akimnyonyesha mtoto kwenye kochi, akatazama sakafu, na niliujua mtazamo ule. Nilifungua mdomo nimwage yote, miaka yote, lakini Mama alinitangulia. Alikuwa ametoka jikoni, anafuta mikono.

"Elibariki, unaipenda nyumba hii?"

"Naipenda, Mama. Dada alitutendea haki."

"Ni nzuri. Nalala vizuri, napika vizuri. Lakini hii ni ya Penda. Ya kwangu iliishia Sombetini, kwenye gereji, na baba yako aliipeleka yeye mwenyewe." Akakohoa, akangoja kipite. "Wala si ndizi zilizoharibu lile gari. Ni sabuni. Mwambie mwanao, Baba Penda, kabla hajalipa."

Sote tukamgeukia Baba. Miaka ile yote, na kilichotakiwa bado kilikuwa ni sentensi moja. Simu ilikuwa mkononi mwake, gari jeusi linang'aa juu ya kioo. Alilitazama, akamtazama mkwewe, akamtazama Mama. Kisha akasema, "Chai iko wapi?"

Mama akarudi jikoni kuichukua. Nilimfuata, nikalishika birika, nikamwambia, "Leo hapana, Mama." Nikalimimina kwenye sinki lote, yeye akinitazama, mpaka tone la mwisho.